Kule Momela Mlima Uko Magharibi

Lemara, Jumamosi jioni

Nsia mwanangu,

Mama Glory ameanza kukusuka upande wa kushoto, na kutoka hapa mezani nakusikia ukilalamika kwamba anakuvuta. Ninyi mko kwenye kibaraza chake, mimi niko ndani, mlango uko wazi. Bibi yako amelala kitandani nyuma yangu, ameelekea ukutani. Nina muda mpaka kichwa chako kiishe. Baada ya hapo nitakuogesha, nitakulisha, nitafunga mfuko wako wa nguo, na sidhani kama nitakuwa na nguvu ya kushika kalamu tena.

Kesho nakupeleka Momela kwa mama yake baba yako. Hilo unalijua, umeshawatangazia watoto wote wa uani. Unachojua ni kwamba tunakwenda wawili, kama mwezi uliopita, na tutarudi wawili. Sijakuambia kwamba nitarudi peke yangu. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikifungua mdomo unaniletea kitu cha kukishona au jiwe la kulitazama, na mimi nashukuru, nashona, natazama jiwe.

Barua hii huwezi kuisoma bado. Unaijua herufi N tu, kwa sababu ni yako, na umeiandika hadi kwenye ukuta wa Mama Glory. Naandika kwa ajili ya siku utakapoweza, ili usije ukasimuliwa na mtu mwingine jinsi ulivyoondoka nyumbani. Mambo ya sweta na maji ya kunywa na dawa ya minyoo nimeshazungumza na bibi yako wa Momela kwa simu. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimelea watoto sita, na wote wana meno." Kwa hiyo hayo nayaacha.

Nataka ujue kwanza kwa nini.

Nilikupata nikiwa kidato cha pili. Baba yako alikuwa anasoma shule moja nami, alikuwa mpole na mcheshi, na hakunidanganya jambo lolote ambalo mimi mwenyewe sikutaka kudanganywa. Tumbo lilipoonekana mimi nilitoka shule, yeye akaendelea. Sasa yuko mbali, migodini, na humpigia mama yake simu siku za sikukuu. Simchukii. Nimechoka tu kumsubiri, na kuchoka si chuki.

Ulipokuwa unaanza kukimbia, tukasikia kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Mimi nilisema nimeshakuwa mkubwa, nitachekwa. Bibi yako, huyu aliyelala hapa nyuma yangu, alikuwa anapanga mitumba yake ya kupeleka sokoni. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Watakucheka wiki mbili, watachoka. Mtoto ana bibi. Nenda." Nikaenda. Walinicheka muhula mzima, lakini nikakaa. Yeye alikufunga mgongoni akauza nguo nawe, mimi nikasoma.

Halafu mwaka huu akaanguka bafuni. Upande wa kulia haumsikii tena, na maneno yanamtoka nusu. Wewe unamwita "bibi wa kitandani" kana kwamba alizaliwa hivyo. Asubuhi namgeuza, namsafisha, nampa uji, nakuacha naye, nakimbilia shule. Mama Glory anauza ndizi sokoni siku za kazi, hawezi kukaa nanyi. Mara mbili nimerudi nikakuta umekaa sakafuni karibu naye, hujala, kwa sababu alikuambia kwa mkono wake mzima usiguse jiko, nawe ukatii. Nisipokwenda shule, mwalimu mkuu ananiita. Ameniambia kwa upole kwamba nafasi yangu haiwezi kunisubiri tena.

Nilikaa nikawaza ni nani kati yetu anayeweza kuondoka. Bibi hawezi kuhamishwa. Shule nikiiacha sasa, haitanirudia. Ukabaki wewe, ambaye una miguu na una bibi mwingine anayekutaka. Niliwaza hivyo kama mtu anayepanga vyombo kabatini. 

Siku moja utaniuliza kwa nini sikuchagua kuacha shule. Nikiacha, tutakuwa watatu tunaolala chumba kimoja tukimtazama bibi, na nikimtazama nitakuwa namlaumu, na nikikutazama wewe pia. Najijua. Nimeshawahi kukaa nyumbani miaka ile bila shule, na nilikuwa mama mkali kwa mtoto mchanga ambaye kosa lake lilikuwa kulia tu. Hukumbuki. Mimi nakumbuka.

Sasa niseme habari ya mlima, maana hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile ndilo linaloninyima raha leo.

Unajua kwamba somo ninalolipenda ni jiografia. Sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini nikifika nyumbani nakufundisha wewe kwa Kiswahili, na maneno mengine nayatafuta kwenye vitabu vya zamani vya shule ya msingi. Unakumbuka kikombe? Niliweka kikombe mezani nikakupandisha juu ya kiti, nikakuuliza unaona nini. Ukasema, "Kikombe." Nikasema hapana, kitazame kutoka juu kabisa kama ndege, una umbo gani mbele yako? Ukasema, "Duara." Nikakuambia hiyo ndiyo ramani: sehemu ya dunia inavyoonekana kwa aliye juu yake.

Ukauliza, "Na Mama Glory akitazamwa kutoka juu?"

Mama Glory alikuwa amekaa hapo hapo. Nikasema, "Kilemba."

"Na chini ya kilemba?"

"Chini ya kilemba kuna madeni na presha," akasema mwenyewe, na tukacheka mpaka bibi kitandani akacheka kwa nusu ya mdomo wake.

Baada ya hapo ukawa unachora kila kitu kutoka juu. Nami nikanogewa. Nikakuambia kila ramani iwe na jina, ili mtu ajue ni ramani ya nini. Iwe na fremu, maana ramani haiwezi kubeba dunia nzima. Iwe na ufunguo, wa kueleza kwamba msalaba ni kanisa na mistari miwili ni barabara. Iwe na kipimio, cha kusema urefu huu mdogo wa karatasi ni umbali gani kwa miguu ya mtu. Na iwe na mshale wa kaskazini.

Kaskazini ndiyo iliyokusumbua. Hukuona kwa nini upande mmoja uwe na jina. Kwa hiyo nikakutoa nje nikakuonyesha Meru. Nikasema, "Ule mlima, ndiyo kaskazini yetu." Na kwa kuwa nilikuwa naogopa utapotea siku moja Mama Glory akikupeleka mjini, nikakupa kanuni. Nikasema: ukipotea sokoni, tafuta mlima, uweke mgongoni, tembea, utafika Lemara.

Ilikuwa kanuni nzuri. Tuliijaribu. Nilikuacha utangulie kutoka sokoni mpaka hapa, mimi nyuma yako hatua chache, nawe kila kona uligeuka ukautazama mlima, ukaurudisha mgongoni, ukaendelea. Watu walikupisha. Ulipofika kwenye geti letu uliweka mikono kiunoni. Sijawahi kujivunia jambo darasani kama nilivyojivunia siku ile.

Wakati huo, kwenye ramani ya darasani, nilikuwa nimeshaona kontua za Meru, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Upande wetu mistari inazunguka mlima vizuri, imebanana, maana ni mteremko mkali. Upande wa mashariki haizunguki. Inafunguka kama kiatu cha farasi. Mwalimu alituambia kwamba zamani sana ubavu ule wa mlima uliporomoka, na kwamba vile vilima vidogo na maziwa ya Momela yamekaa juu ya maporomoko hayo. Niliandika, nikapata alama zote. Haikuniingia akilini kwamba mahali ambapo mistari inafunguka kuna watu, wanaamka asubuhi, na kwao mlima si kaskazini.

Mwezi uliopita tulipokwenda kumwona bibi wa Momela, gari lilitushusha, ukatazama juu, ukasema, "Mlima umevunjika."

Nikasema, "Ni Meru ule ule, tunauona kutoka ubavuni."

"Huu si wetu."

Tukabishana njia nzima mpaka nyumbani kwa bibi. Nilikueleza habari ya maporomoko, hukukubali. Nadhani ulikuwa na haki. Mlima wetu ni mzima, una ncha, uko kama chungu kilichofunikwa. Ule wa kule umepasuka mbele na ndani yake kuna kilima kingine cha majivu. Lakini mwishowe ulisema, "Haya, ni Meru," kwa sauti ya kunihurumia. Laiti ungeendelea kubisha.

Baada ya chakula ulilala kitandani kwa bibi. Yeye akataka kunionyesha nyanya zake, shamba haliko mbali, ng'ambo ya mfereji. Nikasema mtoto amelala, twende. Hatukukaa. Tuliporudi, shuka lilikuwa chini na viatu vyako havipo.

Sitakuandikia nilivyopiga kelele. Bibi hakupiga kelele. Alikwenda chooni, akaenda zizini, akatazama kisimani kwanza kabla yangu ili mimi nisitazame. Kisha tukatoka njiani. Mama mmoja alikuwa anakuja na mzigo wa majani kichwani. Bibi akamsalimia kwa Kimeru, akamuuliza. Yule mama akasimama, akanijibu mimi kwa Kiswahili kwa sababu aliona uso wangu.

"Nimepishana na katoto kana gauni ya njano. Nikakauliza, unakwenda wapi mwenyewe? Kakaniamkia vizuri, kakasema kanakwenda Lemara."

"Upande gani?"

Akaelekeza kwa mdomo, chini, mashariki, kule kwenye vichaka na maziwa, ambako bibi alikuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba nyati hutoka hifadhini na watu hawapiti baada ya saa tisa.

Nilikimbia. Bibi alikimbia pia, na yeye ana goti baya. Tulikukuta kwenye njia ya ng'ombe, unatembea katikati, mgongo umenyooka, hulii. Kila baada ya hatua kadhaa uligeuka, ukautazama mlima, ukaurudisha mgongoni. Ulikuwa umeamka, ukaona sipo, ukadhani nimekuacha, ukafanya kama nilivyokufundisha.

Nilikunyakua. Ukasema, "Lakini mama, nimeuweka mgongoni."

Bibi alikaa chini kwenye majani akashika goti lake. Akasema, "Mtoto huyu anatembea kama mtu anayekwenda kazini." Kisha akafunika uso kwa kanga.

Nsia, hukukosea. Mimi niliyefundishwa mambo ya dira nilikupa kanuni ya mtaa mmoja nikaiita kanuni ya dunia. Huku Lemara mlima uko kaskazini, ukiuweka mgongoni unakwenda kusini, unafika nyumbani. Kule Momela mlima uko magharibi, jua huzama nyuma yake, na ukiuweka mgongoni unakwenda kwa nyati. Mwalimu wetu hutuambia kabla ya kusoma ramani yoyote ujiulize kwanza uko wapi, kisha uigeuze karatasi ilingane na ardhi uliyosimama juu yake. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Naigeuza ardhi ilingane na karatasi yangu, na hata katika mambo mengine nimefanya hivyo, na mara nyingi nimeumiza watu ambao walikuwa wamesimama mahali pengine na kuona vingine. Bibi yako huyu mgonjwa ni mmoja wao. Nilimwona mkali miaka yote kwa sababu nilikuwa namtazama kutoka upande wangu.

Tangu siku ile nimejaribu kuifuta kanuni hiyo kichwani mwako. Nimekuambia, kule usitumie mlima. Unaitikia, "Sawa." Juzi nikakupima. Nikauliza, "Ukiwa Momela na hunioni, utafanya nini?" Ukajibu bila kufikiri, "Nitauweka mgongoni." Kitu kilichoingia kwa furaha hakitoki kwa maneno.

Na sasa wanataka nikutoroke.

Bibi wa Momela ndiye aliyesema kwanza, kwa simu, bila ubaya. "Ukimleta, usimuage. Nitamwita aje aone vifaranga, wewe shika njia. Atalia kidogo, atasahau." Mama Glory naye anasema hivyo hivyo. Hivi punde nilitoka kumpa uzi wa kusukia, akaninong'oneza juu ya kichwa chako.

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Usimwambie. Mimi Glory nilimwacha kwa bibi yake, kule Rombo, hivyo hivyo. Alikuwa anakula, nikapita mlango wa nyuma. Kilio cha mtoto kinamfuata mama njiani, utashindwa kupanda gari."

"Glory alikwambia nini baadaye?"

Akavuta msuko. "Glory hakusema chochote. Alikuwa mdogo."

"Nini Glory?" ukauliza wewe.

"Tulia hapo, kichwa kama mpira," akakuambia.

Kila mtu hapa ameshatoroka mtoto, au ametorokwa. Ni namna yetu. Tunadhani ni huruma, na labda ni huruma kwa anayeondoka. Mimi pia nilitorokwa. Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko wewe. Bibi yako alinipeleka kwao Machame wakati anaanza biashara. Alinituma nikamletee majani ya mbuzi kutoka nyuma ya mgomba. Nikayakusanya mengi ili anisifu. Niliporudi kulikuwa na mbuzi tu. Alinirudia baada ya miaka michache, hakunitupa, na kwa miaka hiyo nilikula vizuri na kupendwa. Lakini hata nilipokuwa msichana mkubwa, nikitumwa dukani nilikuwa nakimbia kwenda na kurudi, na watu wakanisifu kwamba nina bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa nachungulia kama bado wapo.

Sijawahi kumwambia. Nikimwambia sasa atalia kwa jicho moja, na itakuwa ni ukatili. Nakuambia wewe.

Kwa hiyo fikiria ninavyowaza hapa mezani. Nikikutoroka kesho, utaangalia vifaranga, utageuka, sipo. Hutalia. Nakujua. Utavaa viatu vyako. Utautafuta mlima.

Na nikikuambia, utalia tangu leo mpaka kesho, na labda utanichukia, na pengine mimi nitashindwa. Nitakurudisha, Jumatatu nitakaa nyumbani, na miaka yote ambayo bibi yako alikubeba mgongoni kwa ajili ya shule yangu itakuwa bure. Naogopa pande zote mbili. Nimekuchorea ramani, ndiyo kazi pekee niliyoweza kuifanya wiki hii. Mara ya kwanza nilichora Lemara katikati, na Momela pembeni kabisa, karibu na fremu. Nikaitazama, nikaona nimerudia kosa lile lile. Nikachukua karatasi nyingine. Katikati nimeweka nyumba ya bibi wa Momela, na mfereji, na shamba la nyanya, na njia ya ng'ombe nimeipiga msalaba mwekundu. Mlima nimeuchora kushoto, magharibi, na umevunjika kama ulivyosema. Lemara iko pembeni. Ilinichukua muda kukubali kwamba nyumba yetu iwe pembeni kwenye ramani yako, lakini ndiko itakakokuwa.

Kwenye ramani ya shule nilipima kati yako na mimi. Ni urefu wa kidole changu kidogo. Nilikiweka kidole pale, nikakiacha, mpaka msichana niliyekaa naye akaniuliza kama nimelala.

Nina mambo mawili tu ya kukuomba. Usije ukaamini kwamba kwenda kwako kulikuwa rahisi kwa sababu ya kidole hicho. Na kama kule hunioni, usitembee kunitafuta. Aliyepotea ndiye hukaa mahali pamoja, anayemtafuta ndiye hutembea. Anayetembea ni mimi. Hiyo ndiyo kanuni mpya, na hii nimeifikiria kwa Lemara, kwa Momela, na kwa kila mahali ninapoweza kupafikiria.

Nimeweka kalamu chini, nimekuita. Naandika tena baada ya kukuambia.

Mama Glory alisema, "Bado robo kichwa." Nikasema aje tu. Ulikuja umeshikilia nywele zilizobaki, kama mtu anayezuia kofia isipeperuke. Nilipiga magoti ili tulingane.

"Kesho nitakupeleka kwa bibi wa Momela. Wewe utabaki naye. Mimi nitarudi huku."

"Kufanya nini?"

"Kumtunza bibi. Na kusoma."

Ukafikiri. Nilikuona ukifikiri, uso wako unakuwa wa mtu mzima. Kisha ukasema, taratibu, kama unayenipa suluhisho ambalo sikuliona, "Basi wewe nenda Momela. Mimi nitabaki na bibi. Mimi sina shule."



"Najua kumpa maji," ukaongeza. "Na sigusi jiko."

"Najua hugusi."

"Kesho kutwa utakuja kunichukua?"

"Hapana. Nitakuja shule ikifungwa. Nitalala huko na wewe siku nyingi, halafu nitarudi tena. Itakuwa hivyo mpaka nimalize."

"Bibi wa Momela amesema?"

Hapo nilikaribia kudanganya. Nilimwambia bibi wa Momela kwamba nitakuchukua nikimaliza shule, naye hakusema ndiyo. Alisema, "Mtoto haazimwi," akabadilisha maneno. Nikakuambia, "Hajasema. Mimi ndiye niliyesema, na nitakuwa nakuja kusema kila mara mpaka akubali."

Hapo ndipo ulipoelewa. Ulinipiga ngumi kifuani, mara nyingi, bila sauti, halafu sauti ikaja. Bibi kitandani akageuka kutoka ukutani, kitu ambacho hawezi kukifanya bila kusaidiwa, na akaunyoosha mkono wake mzima hewani, haukufika mahali popote. Mama Glory akaja na kitana chake mlangoni.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Kesho atapiga kelele garini njia nzima mpaka Usa."

"Nitambeba na kelele zake."

Nilidhani atanigombeza. Akaingia, akasogeza stuli, akakaa, akakuvuta ukiwa mapajani pangu, akaendelea kusuka robo iliyobaki huku unalia. Hakukuambia utulie. Baadaye akaanza kukueleza, kwa sauti ya chini, kama vile mimi sipo, mlango wa nyuma wa nyumba ya Rombo, ule aliopita siku aliyomwacha Glory, ulikuwa na rangi gani.

Sasa umelala kwa kuchoka, mkono wako umeshika gauni langu, nami naandikia karatasi kwenye goti. Sijui kama nimefanya sawa. Sijui kama nitakurudisha, wala kama utataka kurudi. Naweza kuahidi kesho peke yake. Sitakutuma popote. Sitasubiri uangalie vifaranga. Nitasimama mlangoni kwa bibi, nitasema, "Nsia, mama anaondoka sasa," na nitaishika ile njia iliyonyooka hadi barabarani, taratibu, ili unione njia yote. Ukilia nitasikia. Sitakimbia, na kila baada ya hatua kadhaa nitageuka.

Mimi mama yako.